Niling'oa propela ya mbele ili niongoze harusi, halafu mvua ikanyesha Zombo

Wakuu, salaam kwenu wote. Wakubwa zangu shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Ninachoandika hapa kimenikuta mwenyewe, sikusimuliwa. Nimebadilisha majina tu, kwa sababu mhusika mmoja tunagombania naye wateja kila siku, na mwingine yuko mbioni kuwa baba mkwe wangu. Yaliyobaki ni kweli tupu. Atakayesema ni chai, aje Mikumi alale chini ya gari langu aangalie mwenyewe.

Uzi ni mrefu kidogo. Vuta kiti.

Mimi nina pikapu. Single cab, dizeli, ya zamani kiasi kwamba redio yake ilikuwa ya kaseti. Babu yangu alikuja Kilosa kukata mkonge, baba akafanya kazi relini, mimi nikaangukia kwenye usukani. Siku za wiki nabeba ufuta, mahindi, saruji, na makabati ya watu wanaohama kwa hasira.

Jumamosi nabeba matarumbeta.

Kama hujawahi kuona harusi za huku, bendi inapanda nyuma ya pikapu, pikapu inatangulia, gari la maharusi linafuata. Msafara mzima unakwenda mwendo wa mtu aliyevaa viatu vinavyombana. Mbele ya gari wanacheza akina mama. Ukizidisha mwendo unamgonga shangazi wa bwana harusi. Ukisimama unaambiwa umepooza sherehe.

Mwendo huo ndio unaoua klachi. Gia namba moja bado ni mbio, kwa hiyo unashikilia klachi nusu nusu tangu mwanzo wa mji mpaka ukumbini. Kila dereva wa harusi anaijua harufu yake.

Mimi yangu iliungulia hadharani.

Ilikuwa harusi ya watu pale Mikumi, kwenye barabara kuu, karibu na yanapoegeshwa malori. Moshi ukaanza kutoka chini ya gari. Wageni wakadhani ni mbwembwe, wengine wakapiga vigelegele. Mpiga dramu akaongeza kasi. Halafu harufu ikafika kwenye shela ya bibi harusi na vigelegele vikakatika. Gari likazima, bendi ikashuka ikamalizia kwa miguu, mimi nikabaki nimekumbatia usukani nikijifanya natafuta kitu chini ya kiti.

Sasa, kati ya wageni wa siku ile alikuwepo mzee mmoja, nitamwita Mzee Luhende.

Mzee Luhende ni Msukuma, aliteremka na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa miaka mingi iliyopita, akaweka makazi Zombo. Analima mpunga na ufuta, anafuga. Si mwongeaji. Anakuangalia tu mpaka unaanza kujibu maswali ambayo hajauliza.

Na ana binti anaitwa Minza.

Minza ana kibanda cha kushona nguo Mikumi. Alinishonea vitambaa vya viti vya gari. Vilipochafuka nikarudi. Vikachafuka tena, mapema kuliko kawaida. Safari ya tatu akaniambia, "Kaka, wewe vitambaa unavichafua makusudi." Nikakubali. Tukaanzia hapo.

Nilipotuma mshenga Zombo, Mzee Luhende alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja. "Ni yule wa moshi?"

Mshenga akasema ndiye.

"Haya. Niachieni nimwangalie kwanza."

Wakuu, hakuna jibu baya kama hilo. Hapana unaijua, ndiyo unaijua. Ya kuangaliwa huijui inaisha lini.

Halafu ikaja nafasi. Dada yake Minza akapata mchumba, harusi ikapangwa. Ibada Zombo kwao, sherehe ukumbini Mikumi. Minza akapigana kufa na kupona kwenye kikao cha familia mpaka wakakubali matarumbeta yapande gari langu. Alipokuja kuniambia hakuwa anacheka.

"Baba atakuwa anakuangalia siku hiyo. Ukitoa moshi tena, mimi sitakuwa na la kusema."

Basi nikakosa usingizi wa mchana na wa usiku.

Sasa kwa wasio watu wa magari, nieleze kidogo, msikimbie.

Pembeni ya gia kubwa, pikapu yangu ina kijiti kidogo. Kikiwa kawaida, tairi za nyuma tu ndizo zinazosukuma. Ukikisogeza, zinasukuma zote nne. Ukikisogeza zaidi unaingia low: bado ni zote nne, lakini gari linakuwa na nguvu za trekta na mwendo wa konokono.

Low ndiyo dawa ya msafara wa harusi. Unaweka namba moja, unaachia klachi, unatoa miguu yote, gari linajitambalia lenyewe. Unaweza hata kumenya chungwa.

Tatizo ni kwamba low inakuja na tairi za mbele, upende usipende. Kwenye tope hiyo ni baraka. Kwenye lami kavu ni adhabu, maana ukikata kona tairi za mbele na za nyuma hazitembei umbali ulio sawa. Tope linaziruhusu ziteleze kidogo zipatane. Lami haina huruma hiyo. Gari linajikaza, usukani unakuwa mzito, linarukaruka, na ukilazimisha kitu kinavunjika.

Nilijaribu asubuhi moja kwenye kona ya kuingilia barabara kuu. Gari lilijikunja na kushtuka mpaka dereva wa lori akashusha kioo akaniuliza kwa upole kama ndiyo kwanza najifunza.

Kwa hiyo nilichohitaji ni low ya tairi za nyuma peke yake. Kiwandani hawakuweka kitu hicho.

Najua kuna mdau tayari anaandika, "Mkuu, si ungefungua lock za kwenye tairi za mbele tu?" Mkuu, langu lingekuwa na zile lock za kuzungusha kwa mkono, zinazoachanisha tairi za mbele na ekseli, hata huu uzi usingekuwepo. Mwenye gari wa kwanza alizing'oa akaweka vifuniko vya kudumu. Nilimlaani sana.

Nikaenda kwa Fundi Kibonge. Ni mwembamba kama spoku, jina ni la kejeli, na anaongea kama tangazo la redioni. Akanisikiliza nusu, akasema kazi ndogo hiyo, anafungua gia boksi ndogo, anatoa pini inayoifunga low na mbele, anarudisha, naondoka na gari ambalo halipo Tanzania nzima.

Nikaogopa. Mara ya mwisho alipofungua kitu kwenye gari langu alibakiwa na nati mkononi, akaniambia kiwandani walizidisha.

Tukabishana tumelala chini ya gari, yeye upande huu mimi upande ule. Katikati yetu ilikuwa propela ya mbele, ule mhimili wa chuma unaopeleka nguvu kutoka kwenye gia hadi ekseli ya mbele. Nikauangalia. Umeshikwa na bolti nne huku na nne kule.

Nikamuuliza, "Hii tukiitoa?"

Kibonge akanyamaza, jambo ambalo si la kawaida. Ukiitoa, unaweka low kama kawaida, gia inapeleka nguvu nyuma, na ile ya mbele inazungusha hewa. Tairi za mbele zinabaki zinajiendea tu.

"Hicho ndicho nilichokuwa nakuambia tangu mwanzo," akasema.

Tukaitoa saa hiyo hiyo. Onyo alilonipa lilikuwa la maana, nalileta kwenu kama lilivyo: nguvu zote za low sasa zinabebwa na ekseli ya nyuma peke yake, kwa hiyo ukikanyaga mafuta kwa hasira unakata shafti. Tambaa, usishindane.

Nikaingia lami. Low, namba moja, miguu nimeikunja kwenye kiti. Kona ile iliyonidhalilisha nikaikata kama nakata siagi. Nilipiga kelele peke yangu ndani ya gari kwa furaha, nikairudia kona mpaka muuza mahindi ya kuchoma akadhani nimepotea.

Sasa hapa ndipo akili yangu ya kitoto ilipoingia.

Kuna dereva mwenzangu, nitamwita Shaibu. Ana double cab mpya kuliko yangu, nyeupe, four wheel nzima, kiyoyozi kinafanya kazi. Shaibu ni dereva mzuri kuliko mimi, nakiri. Lakini boneti yake anaifungua kuweka maji ya kuoshea kioo tu. Na ana maringo, wakuu. Baada ya ule moshi wangu alikuwa akinipita anapiga honi huku ameshika pua.

Akaniona siku ile natambaa kwenye lami nimekunja mikono. Akasimamisha gari, akaja mbio.

"Umefanyaje?"

Kwenye dashibodi yangu kulikuwa na swichi yenye taa nyekundu, ya bajaji, niliyofunga zamani kwa ajili ya taa za nyuma za kupakulia mizigo. Sikupanga. Kidole kilikwenda chenyewe. Nikaibonyeza, ikawaka nyekundu.

"Nimefunga kifaa. Hii ikiwaka, inakata mbele."

Shaibu aliinamisha kichwa dirishani akaitazama kwa heshima. Sijawahi kumwona ananiheshimu kabla ya siku ile, na nikiri tu, nilipenda.

Alinibembeleza karibu wiki nzima nimfungie na yeye. Nikakataa mpaka kukataa kukawa kunachosha kuliko kukubali. Nikaokota swichi nyingine kwenye bajaji iliyokufa, nikamfungia mwenyewe, kwa uso wa daktari wa upasuaji. Waya mmoja kwenye fyuzi ili taa iwake. Mwingine kwenye bodi. Halafu nikaongeza waya wa tatu, mrefu, wa njano, nikaupitisha chini ya dashibodi upande wa abiria, nikauacha hapo. Haukuunganishwa na kitu chochote duniani. Ulikuwa wa urembo.

Sikutaka aharibu gari lake, mimi si katili kiasi hicho. Nikamwambia hiki kifaa hakipendi lami, akitumie kwenye vumbi tu. Hakuuliza kwa nini mtu afunge kifaa cha lami kisichopenda lami.

Kesho yake akanitafuta. Akasema anasikia tofauti kabisa, gari limekuwa jepesi.

Nilikwenda kucheka nyuma ya gereji ya Kibonge nikiwa nimeshikilia ukuta.

Ikafika siku ya harusi.

Usiku ule mvua ilinyesha Zombo. Mikumi hata tone, ndiyo maana niliondoka nyumbani bila wasiwasi. Propela yangu ya mbele ilikuwa imelala kwenye kibanda cha Minza, chini ya meza yake ya kukatia vitambaa. Nilifikiria kuibeba nyuma, lakini bendi walikuwa na suti nyeupe na propela ina grisi kila mahali, kiongozi wao akaiona akasema ama yenyewe ama wao.

Ibada ikaisha vizuri. Msafara ukapangwa. Mimi mbele na bendi. Nyuma yangu Shaibu na double cab yake, amebeba maharusi na Minza kiti cha nyuma, na kiti cha mbele ameketi Mzee Luhende mwenyewe. Aliombwa achague gari, akachagua lile ambalo halijawahi kutoa moshi.

Kabla ya kufika barabara kubwa ya Kilosa kuna bonde la udongo mweusi. Mnaoujua udongo ule hamhitaji maelezo. Ukikauka unapasuka, ukilowa unakuwa sabuni yenye gundi ndani yake. Asubuhi tulipita pembeni pembeni, bendi imeshuka inatembea, gari likiwa tupu. Sasa nilikuwa na bendi nzima, dramu kubwa, na akili iliyojaa sifa.

Nikaweka low. Mkono ulisogeza kijiti kama ulivyozoea miaka yote, na moyo ukaniambia kama ulivyozoea miaka yote: una low, una four, pita.

Nilikuwa katikati ya tope nilipokumbuka four yangu iko chini ya meza ya cherehani.

Tairi za nyuma zikachimba. Za mbele zikatulia kama wageni waalikwa. Nikagusa mafuta kidogo, nikasikia kule nyuma chuma kinalalamika, nikakumbuka onyo la Kibonge nikatoa mguu. Gari likashuka taratibu, likakaa.

Bendi haikuacha kupiga. Kiongozi wao aliinama dirishani, tarumbeta mkononi, akauliza, "Bosi, tuendelee au tushuke?"

Nikamwambia waendelee. Ilikuwa sauti pekee ya furaha iliyobaki pale.

Nikatazama kioo cha pembeni. Shaibu alikuwa amesimama kwenye ukingo mkavu. Nyuma yake Minza ameweka kiganja mdomoni. Ukiacha bendi, yeye peke yake katika umati ule alijua propela yangu iko wapi. Mzee Luhende ametulia kwenye kiti cha mbele, ananiangalia. Ndiyo kazi aliyosema ataifanya.

Niliogopa, wakuu. Si tope. Niliogopa kwamba jioni ya siku hiyo Minza atakuja kuniambia hana la kusema.

Dawa ilikuwa rahisi na kila mtu aliiona. Shaibu ana four nzima na kamba ya kuvutia. Ashuke kidogo kwenye utelezi, tufunge kamba, arudi kinyumenyume, nimetoka. Watu wakaanza kumwita, "Shaibu, ingia umvute."

Shaibu akatoa kichwa dirishani. Uso umemshuka.

"Siingii. Mbele nimeikata tangu kanisani, na taa haizimi."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Swichi imekwama. Mbele haipo. Nikishuka hapo na mimi nazama, na nimebeba maharusi."

Wakuu, hoja yake ilikuwa sahihi kabisa. Kama ile swichi ingekuwa ya kweli, mimi mwenyewe ningemkataza asiingie. Four yake ilikuwa nzima, imekaa pale bila kazi, imefungwa na kitufe cha bajaji kilichoingiwa na vumbi.

Wajomba wakaanza kuzungumza habari ya maksai. Boma la Mzee Luhende halikuwa mbali, ana maksai wa kulimia wenye nguvu, wakafungwe nira waje wavute gari. Nikaona picha yote. Pikapu yangu inavutwa na ng'ombe wa baba mkwe, simu zote ziko hewani zinarekodi, bendi inapiga. Hiyo ingekuwa mara ya mwisho mshenga wangu kukanyaga Zombo.

Nikavua viatu nikatembea kwenye tope mpaka dirishani kwa Shaibu.

Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kusema pale pale, mbele ya bibi harusi na mzee, kwamba swichi ni ya uongo. Nikiwaza hivyo nikamwangalia Shaibu, anatokwa jasho na kiyoyozi kinafanya kazi. Ningemwambia hivyo asingeniamini hata kidogo. Angesema nataka tu anitoe. Au angeniamini, akawasha gari akaenda zake, na angekuwa na haki.

Nikachukua ya pili.

"Zima injini," nikamwambia kwa sauti ya kitaalamu. "Toa ufunguo. Huwa kinahitaji kupumzika kikipata unyevu."

Akatoa ufunguo. Nikazunguka upande wa abiria, nikafungua mlango. "Samahani baba, naomba nipitishe mkono." Mzee akasogeza magoti. Nikavua mkanda wa suruali, nikaigonga ile swichi kwa kichuma chake kidogo, nikaipuliza, nikaigonga tena. Ikaruka juu. Nikamwambia Shaibu arudishe ufunguo. Taa ilikuwa imezimika.

"Sasa mbele imerudi. Weka four low, shuka taratibu."

Shaibu akashusha pumzi ndefu.

Nikawa nataka kuutoa mkono, nikaona mkono wa Mzee Luhende. Vidoleni ameshika ncha ya waya wa njano. Ilikuwa inaning'inia karibu na goti lake tangu alipopanda. Alikuwa anaichezea taratibu kama mtu anayehesabu tasbihi, na ananitazama usoni.

Nikamwamkia. "Shikamoo baba." Nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi.

"Marahaba," akasema. Akauachia waya ukarudi mahali pake, polepole, akaangalia mbele.

Wakashushwa maharusi na mzee wakasimama pakavu. Shaibu akaingia kwenye utelezi kifua mbele. Kamba ikafungwa, akarudi kinyumenyume, pikapu ikatoka kama jino bovu, na bendi juu yake ikipiga wimbo wa kupokelea bibi harusi. Vigelegele vilipasua bonde. Shaibu akashuka akanipiga bega mbele ya watu wote.

"Umeona kifaa kinavyofanya kazi?"

Nikamwambia nimeona.

Mzee akatuonyesha njia ya ng'ombe ya juu, tukazunguka, tukaingia barabara kubwa, tukaenda. Na Mikumi, wakuu, pale kwenye lami, nilitambaa kuanzia mwanzo wa mji mpaka mlango wa ukumbi miguu yangu ikiwa haigusi kitu. Hakuna moshi, hakuna harufu. Kona ikakatika laini. Akina mama walicheza mbele ya gari langu mpaka wakachoka wao, gari halikuchoka.

Ningekuwa na furaha kamili kama nisingekuwa nawaza waya wa njano.

Ukumbini nilimwona Mzee Luhende ameinamiana na kaka yake, wanaongea Kisukuma. Mimi Kisukuma sijui. Lakini katikati ya Kisukuma kile nikasikia neno "suwichi". Kaka mtu akacheka mpaka akaweka sahani chini. Mzee hakucheka. Akanitafuta kwa macho ukumbi mzima mpaka akanipata.

Ikapita wiki ya ukimya. Halafu mshenga akapigiwa simu: njoo na kijana.

Zombo tulipofika mshenga akapewa kiti na maziwa. Mimi nikaambiwa nimfuate mzee zizini. Akasimama ameegemea mti wa lango, akaangalia ng'ombe wake muda mrefu.

"Ule waya wa njano unakwenda wapi?"

Wakuu, nilikuwa nimetunga majibu njia nzima.

"Hauendi popote, baba."

"Nilijua. Nilikuwa nimeshika mwisho wake tangu kanisani." Akasukuma mti wa lango ukakaa sawa. "Ningesema siku ile, yule mwenzako asingeingia, na harusi ya mwanangu ingelala pale. Wewe ulijua hivyo?"

"Nilijua."

"Na yeye hajui mpaka leo?"

"Hajui."

Hapo ndipo Mzee Luhende alipocheka. Yalianza mabega, ndipo sauti ikafuata, akajipangusa macho na kona ya shuka lake. Akasema nisimwambie, mtu akipata ujasiri usimnyang'anye. Nikacheka na mimi, nikadhani yameisha.

Akaacha kucheka mara moja, akanishika mkono juu ya kiwiko.

"Ila Minza ni mwanangu. Yeye usimfungie taa."

Nikasema ndiyo baba, sauti ikatoka ya mtoto. Akaniachia, tukarudi kwa mshenga, mazungumzo yakaanza.

Nilichojifunza, kwa ufupi maana vidole vimechoka. Low ya nyuma peke yake kwa kazi ya kutambaa kwenye lami ni kitu kitamu, nimeitumia kwenye harusi nyingi tangu siku ile na klachi yangu bado inapumua. Lakini iheshimu ekseli ya nyuma. Na ukitoa propela, safiri nayo, hata kama bendi wamevaa nyeupe, maana mkono utasahau kwamba haipo. Kuhusu utani, fanya kwa mtu ambaye hutamhitaji katikati ya tope.

Sasa naomba ushauri wenu kwa kweli. Harusi yangu inakuja. Shaibu amejitolea kuongoza msafara, bendi ipande gari lake, kama zawadi. Anasema kifaa chake kimekomaa, sasa kinaweza lami. Mzee kasema nisimwambie. Ile kona ya barabara kuu itamwambia yenyewe, mbele ya shangazi zangu wote.

Nimwambie? Nimwibie tu propela yake ya mbele usiku wa kuamkia harusi? Mafundi na wenye busara mliomo humu, shusheni.

Minza ameusoma uzi huu kabla sijaupandisha. Hajasema kitu kuhusu Shaibu. Ameuliza tu kama ile cherehani ya umeme niliyomwahidi ina waya unaokwenda mahali.